Mbuke na Chupa ya Mawese

Mbuke alikuwa hawezi kukaa. Nasema nilichokiona kwa macho yangu, maana katika kambi ya mgodi wa Geita tulipakana ukuta kwa ukuta, na ukuta wenyewe bati. Alfajiri namsikia anafagia. Nikitoka, kashafagia mpaka mlangoni kwangu. Anasugua sufuria iliyokwisha suguliwa. Nikimwambia, "Mama Limi, hebu tua kidogo, unanichosha," ananijibu kwa Kiswahili chake cha kwao Songwa, "Nikitua nitawaza, Mama Bernadina." Basi hatui.

Na la kuwaza alikuwa nalo. Alikuja Geita kumfuata mumewe, Bujiku, aliyekuwa akichimba shimoni, na watoto wake wawili wa kwanza alikwisha kuwazika kwao. Alibaki na Limi, binti wa miaka minne hivi. Mchana Limi alikuwa mtoto kama watoto wengine, anakimbia, anachokoza mbuzi wa watu. Jua likizama, kwisha habari yake! Anapapasa ukuta. Anakanyaga bakuli la mboga. Ukimwita anakuja upande, mikono mbele. Mwanzoni Bujiku alicheka, akasema mtoto anadeka, anataka kubebwa. Siku alipomdaka anaelekea motoni, hakucheka tena.

Kambini palikuwa na mzee mmoja kipofu, msuka kamba. Mbuke akamwendea, akamwamkia, akamuuliza macho yake yalianzaje. Yule mzee akamjibu taratibu, "Jioni ndiyo iliyoniacha kwanza, mwanangu. Mchana ukafuata." Mbuke alirudi mbio, kanga iko begani, akamkumbatia Limi hadi mtoto akalia. Tangu hapo hata usingizi wake ukawa wa kushtukashtuka. Nilimsikia akigeukageuka huko ng'ambo ya bati, nami nikawa silali.

Posho ya mgodi ilikuwa unga, maharage na mafuta ya karanga, na mafuta yenyewe kidogo. Mboga za majani Limi alikuwa akizitema. Ng'ombe walikuwa huko Songwa kwa baba mkwe. Na usimguse Mbuke kwenye habari ya samli, utakesha! Alijua kusuka maziwa kwenye kibuyu mpaka siagi ishikane, kuiosha, kuibandika motoni na kuisikiliza. "Siagi inalia," alikuwa akisema. "Maji yakiisha inanyamaza. Ukiipua kabla haijanyamaza, itachacha." Samli yake ilikuwa safi hata ukidumbukiza kidole ndani unaona kucha. Ajabu ni kwamba yote walimuuzia mfanyabiashara, debe kwa debe. Watoto wa nyumba yenye ng'ombe wakanywa mtindi uliokwisha tolewa siagi. Nilimwambia hivyo, akaninunia siku nzima.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Bi Mwanaima, Mmanyema wa Ujiji, mtu mzima, mke wa seremala. Huyo, akishaosha samaki wake kwa siki akawakaanga kwa mawese, kambi nzima ilijua leo kwa Bi Mwanaima kunaliwa nini. Mbuke alikuwa akiziba pua. "Mafuta gani mekundu kama damu? Uchafu wote bado umo!"

Jioni moja Limi akajikwaa kwenye sinia la Bi Mwanaima, samaki wote chini. Nikasema leo patachimbika. Bi Mwanaima hakugomba. Alimshika mtoto kidevu, akamtazama macho, akamgeukia mama yake.

"Mwanangu, huyu haoni jioni. Tangu lini?"

Mbuke akaanza kulia.

"Nyamaza. Kwetu mtoto wa namna hii tunampa mawese. Kwenye ugali, kwenye maharage, kila mlo, usiruke." Akaingia ndani, akatoka na chupa iliyojaa.

Hakumwambia asiyachemshe. Kwao hilo halisemwi; nani atamwambia mtu asichome chumvi?

Kesho yake nikaona moshi. Moshi wa kuwasha macho, tukatoka nje tunakohoa. Nadhani nyumba inaungua, kumbe Mbuke kainamia sufuria, jasho linamtiririka, anasubiri mafuta yanyamaze. Aliyaacha motoni mpaka wekundu wote ukatoweka. Akanionyesha kwa fahari. "Tazama, Mama Bernadina. Sasa ndiyo yamekuwa mafuta ya kumlisha mtu!" Kweli yaling'aa. Nikamsifu, maana nami nilikuwa mjinga kama yeye.

Akamlisha Limi. Kila mlo, hakuruka. Wiki zikapita, mtoto yuko vile vile. Tena vibaya zaidi, weupe wa macho ukakauka, ukakosa ule unyevu wa jicho la mtoto. Mbuke hakuweza kuvumilia. Akaichukua sufuria na mafuta yake, akaenda kumsimamia Bi Mwanaima mlangoni, nami nyuma yake, nisije nikakosa.

"Mafuta yako ya uongo! Mwanangu anakuwa kipofu!"

Bi Mwanaima akachungulia sufuria. Akanusa. Akachovya kidole, akakitazama.

"Haya ni mafuta gani?"

"Yale yako! Nimeyapika, nimeyasafisha!"

"Ole wako!" Bi Mwanaima akajipiga paja. "Wekundu umeupeleka wapi? Huo wekundu ndio dawa ya macho, wewe mwanamke! Mimi nakupa dawa, wewe unaichoma unamlisha mtoto jivu!"

Mbuke akaangusha sufuria. Nilimwonea huruma, maana umahiri wake wote wa kwao ndio uliomponza.

Bi Mwanaima alimtukana mpaka akachoka, kisha akampa chupa ya pili. Akamtia masharti: ugali uive kwanza, maharage yaive kwanza, mawese yamiminwe juu mwishoni, mekundu vile vile. Na maini, Bujiku akipata nyama, asiwape wenzake, amletee mtoto. Loo, Mbuke alihangaika! Mkono ulikuwa ukienda wenyewe kubandika ile chupa motoni. Mara mbili nilimnyang'anya sufuria. Harufu ilimtapisha, lakini alionja mbele ya Limi, akameza, akatabasamu kwa nguvu. Mtoto naye akashika kula, mdomo mwekundu, nguo nyekundu. Bujiku akauliza ni mchezo gani huu. Mbuke akamwambia, "Kula, unyamaze."

Jioni moja nilikuwa uani nachambua maharage, jua limekwisha zama, mwanga umebaki kidogo tu. Limi alikaa kwenye mkeka, mbali kidogo. Mbuke alisimama mlangoni kwake akimtazama. Machozi yalimtoka bila sauti yoyote, bila hata kwikwi. Aliogopa kumwita mtoto, asije akamwona anakuja akipapasa.

Limi akainua kichwa. "Mayu, mbona unalia?"

Mbuke akashika kizingiti. "Nani kakwambia nalia?"

"Nakuona."

"Unaona nini?"

"Machozi."

"Jicho lipi?"

"Yote mawili."

Ungo ukanitoka mikononi, maharage yakatawanyika ua mzima, na hakuna aliyeyaokota.