Zege la Mjerumani

Baba yangu mkubwa alikuwa na wazo moja tu aliloling'ang'ania maisha yake yote, nalo lilikuwa la kipuuzi: kwamba jabali jeupe lililo chini ya shamba lake la mahindi halikuwa jabali. Lilikuwa zege. Wajerumani walilimwaga, wakafukia mali zao nyuma yake, halafu vita vikawafukuza kabla hawajarudi kuzichukua.

Shamba hilo liko kule ambako nchi ya juu ya Mbozi inakwisha ghafla na ardhi inaporomoka kuelekea mto Songwe. Sisi kwetu ni juu, kwenye kahawa na baridi. Yeye alirithi pia kipande cha bondeni, kwenye joto. Maji ya uvuguvugu yalikuwa yakitoka kwenye ufa juu ya jabali lile, yakijaa kwenye ukingo kama maji kwenye karai, kisha yakiteremka ukutani polepole. Ukuta wote ulikuwa umejikunja kama pazia lililolowa. Utotoni, tulipokuwa tukienda kuvuna, nilikuwa naegemeza mgongo kwenye mikunjo hiyo na kuhisi joto la jiwe. Sijapata kuona kitu kizuri kuliko kile katika mkoa wetu, na naujua mkoa wetu.

Mwaka juzi, likizo ya mwezi wa sita, baba mkubwa alinipigia simu. Mimi ni mwalimu wa jiografia, nafundisha Mlowo. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeita serikali ije ishuhudie. Alisema wamepata maandishi ya Kijerumani ukutani, na kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo, nije niyasome. Nilimwambia Kijerumani sikijui. Akasema msomi ni msomi tu.

Nikaenda. Nilimkuta na mtu kutoka Tunduma aliyejiita mtaalamu. Alivaa miwani ya jua hata kivulini, na alikuwa na mashine ya kutafutia chuma ardhini, yenye mpini mrefu na sahani chini, ambayo ilipiga kelele kila alipoisogeza karibu na buti zake. Alipoongea alichomeka maneno ya Kibemba, tuamini kwamba ametafuta mali mpaka ng'ambo ya mpaka. Mama mkubwa alikuwa amempikia kuku. Mashambani juu, kahawa yao ilikuwa imeiva na inadondoka chini kwa kukosa wa kuichuma, maana baba mkubwa na wanaume wawili wa jirani walikuwa wanashinda bondeni na sururu.

Maandishi yenyewe yalikuwa majani. Majani ya matete, yaliyogeuka jiwe: michirizi iliyonyooka, safu kwa safu, na hapa na pale shina lenye tundu katikati. Niliyatambua mara moja, na nikafanya kosa la walimu wote, nikaanza kueleza. Nilisema mvua inanyesha kwetu juu, maji yanazama ardhini, yanapita kwenye miamba ya chokaa na kuilamba, yanapata moto huko chini. Yakitokeza nje yanaitema ile chokaa, utando juu ya utando, juu ya chochote yanachokikuta: jani, kijiti, konokono. Jani linaoza, umbo lake linabaki. Hivyo ndivyo ukuta ulivyojijenga, na bado ulikuwa unajijenga tukiwa tumesimama pale. Nikamwomba afikirie birika la mama mkubwa, lile analochemshia maji ya bondeni, lilivyojaa ganda jeupe ndani.

Baba mkubwa alinisikiliza kwa upole, kama mzee wa kanisa anavyomsikiliza mlevi.

"Mwanangu," akasema, "hilo ni birika. Mjerumani hakuchemsha chai humu."

Nikamshika mkono, nikauweka juu ya alama ya jani. Nikamuuliza ni fundi gani wa zege anayechora tete moja moja, na mishipa yake.

"Ndiyo ujanja wao," akajibu. "Walichora majani ili watu kama wewe mseme ni majani."

Mtaalamu akatikisa kichwa kwa heshima, kama aliyesikia andiko likisomwa. Nilitamani kumpiga na sahani yake.

Kwa kuwa hoja ya namna hiyo haina jibu, nilipanda kwenda kumsaidia mama mkubwa kuchuma kahawa. Yeye hakumtetea mumewe wala hakumlaumu. Alisema tu kwamba mwanamume asiyekunywa pombe lazima awe na lake.

Siku zilizofuata walitoboa ukingo. Mtaalamu alidai mlango uko pale pale maji yanapopitia, kwa hiyo wakauvunja mdomo wa jabali, kazi iliyofanywa na maji tangu kabla ya babu yeyote tunayemjua kwa jina. Maji yakapata njia fupi. Yakaacha ukuta, yakaingia kwenye shimo lao na kutokea pembeni, kwenye mahindi. Wao wakashangilia kwamba mlango umefunguka. Pazia likabaki kavu, likawa la kijivu, na chini yake walikuwa tayari wamechimba pango la kukaa wakati wa jua kali.

Liliporomoka mchana. Nilisikia ngurumo nikiwa kwenye kahawa, na vumbi jeupe likapanda kutoka bondeni. Tulipofika, majirani walikuwa wanamvuta baba mkubwa kutoka kwenye kifusi, mguu mmoja umevunjika chini ya goti, mwili wote mweupe kama mtu aliyepakwa unga. Mtaalamu hakuwepo. Alikuwa ameshadandia pikipiki, na mashine yake kaibeba begani bila mkwaruzo.

Tulimbeba kwa machela ya miti mpaka barabarani. Nilikuwa upande wa kichwa. Nilikuwa na hofu asije akafa, na hasira kiasi kwamba sikuweza kumwambia pole. Njiani alinivuta nguo niiname, nikadhani anataka kunipa wosia.

"Nimeliona sanduku," akanong'ona.

Mguu uliungwa, ukapinda kidogo. Siku hizi anakaa uani na mkongojo, anasimulia sanduku, na kila msikilizaji mgeni anaporudi mjini sanduku linaongezewa kufuli. Wazee wa kanisani humsikiliza wakiwa wamefumbata mikono. Mimi, niliyewafundisha watoto wao wenyewe jinsi mwamba unavyoumbika, huambiwa niongeze chai.

Vipande vya ukuta havikukaa bure. Majirani waligundua kwamba ni vyepesi na hukatika vizuri kwa panga kuukuu, wakavisomba kwa mikokoteni ya ng'ombe. Ukipita kule leo utaona vyoo vipya vitatu au vinne, vyeupe, kuta zake zimejaa majani ya matete. Watu huingia humo, huchuchumaa, na hakuna hata mmoja anayesoma.