Karata Ndani ya Eda

Mwanatatu hakuwahi kuniita Jamilah. Miaka thelathini na mmoja tulikaa ua mmoja hapa Majengo ya Embu, yeye mke mkubwa wa Idrisi mwenye bucha, mimi mke mdogo, na jina aliloniita ni lile nililokuja nalo kutoka Siakago kabla sijasilimu. "Wawira, mbuzi wako wametafuna leso yangu." Hivyo tu. Mimi nilimwita Bi Mkubwa, kwa maana kwetu nilifunzwa adabu.

Mgumu alikuwa, mvivu hapana. Alisafisha matumbo ya bucha miaka arobaini, na hakuna mteja aliyewahi kutafuna mchanga. Shule hakukanyaga. Alizaa mtoto mmoja, aliyezikwa kabla ya kutambaa. Mimi nilizaa wanne, na nilifika darasa la saba, namba moja kwa hesabu, na sikumwacha asahau.

Idrisi alilala siku mbili kwangu, mbili kwake. Alifariki mwaka juzi, Jumanne alasiri, katika siku za Mwanatatu. Mimi nilikuwa chumbani kwangu, hatua kumi na tano kutoka pale, nachambua ndengu. Nilipoitwa, taya lilikuwa limeshafungwa kitambaa.

Shangazi zake Idrisi wakatuweka eda chumba kimoja, miezi minne na siku kumi, ili wageni wa rambirambi wasigawanyike. Wiki ya kwanza hatukusemezana. Ya pili nikatoa lililonikaa kooni.

"Alisema nini mwishoni?"

Akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa karata zilizofungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Nilizijua. Kila jioni ya siku zake nilikuwa nikizisikia kupitia ukutani zikipigwa mkekani, na Idrisi akicheka.

"Nifunge japo mara moja kabla hatujatoka eda," akasema. "Nitakuambia."

"Karata ndani ya eda, Bi Mkubwa? Watu watasema nini?"

"Watu gani? Wewe unamwona nani humu?"

Maisha yangu yote nimewasema vibaya wacheza karata. Nikaketi mkekani.

Akazitoa nane, tisa na kumi, akaziweka kando. Akanipa tatu, akajipa tatu, akafunua moja: aina hiyo, iwe kopa, pau au uru, ndiyo turufu, inakula nyingine zote. Kila mkiweka moja moja na mmoja akala, mnaokota tena. Ree, yaani ile ya moja, ni pointi kumi na moja. Seti, yaani saba, ni kumi. Wenye sura wana nne, tatu na mbili. Jumla mia na ishirini, na anayefika sitini na moja ameshinda. Nikasema moyoni, hii hesabu ya watoto.

Siku hiyo alinifunga mara kumi na moja.

"Darasa la saba walikufundisha kushika karata kama sinia? Zifiche, Wawira!"

Mwezi wa pili nilikuwa nakumbuka kila karata iliyopita, na bado alinifunga. Alijua nilichoshika. Mwezi wa tatu ndipo nilipong'amua. Idrisi alikuwa akitoka bucha moja kwa moja na kuketi kucheza, mafuta ya kondoo yangali vidoleni. Ree na seti alizishikilia muda mrefu, hataki kuzitoa, kwa hiyo migongo ya karata hizo ilikuwa imeiva weusi pembeni, pale gumba lake lilipokaa. Ree ya kopa iliiva kuliko zote. Mwanamke asiyejua a wala be alikuwa anasoma gumba la mume wetu.

Nami nikaanza kusoma.

Zimebaki siku tatu eda iishe, turufu ilitokea kopa. Nilikuwa na pointi arobaini na mbili, na mkononi ree ya kopa, ile pembe yake nyeusi imemwelekea, sina pa kuificha. Ilikuwa zamu yake kuanza. Akaiangalia pembe. Akaniangalia mimi. Kisha akaweka mkekani seti ya pau, pointi kumi nzima.

Nikaila. Sitini na tatu.

Akazilaza mbili zilizobaki mkononi mwake: tatu ya pau, tano ya uru. Za bure zote mbili, hazina pointi. Angeweza kutoa yoyote.

"Alisema, mwite Jamilah," akasema. "Mara mbili."

Ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina langu kinywani mwake.

"Na wewe?"

"Zilikuwa siku zangu."

"Hatua kumi na tano, Bi Mkubwa!"

"Nazijua. Nilifika mlangoni, nikarudi. Nilidhani ataishi mpaka siku zako."

Nililia siku ile kuliko siku ya mazishi, na hakunigusa bega. Vyema hakunigusa.

Sijamsamehe, na hajaniomba. Yeye yuko chumbani kwake, mimi kwangu. Jioni za siku zilizokuwa zake hugonga ukuta, nami huenda. Macho yake yameingia ukungu, migongo haioni tena, kwa hiyo namfunga karibu kila siku. Hatuulizani kitu. Ree ya kopa ikinijia, naishika palepale penye weusi, na siitoi upesi.