Kumi na Nne Mbili

Juzi niliona vijana wakipaka namba mpya kwenye milango ya barabara kuu ya Meru. Harufu ya rangi ilinirudisha kwenye alasiri moja niliposhikwa mkono na nyanya, tukimtafuta shangazi aliyeondoka nyumbani kwa hasira. Tuliambiwa anakaa namba kumi na nne. Lakini baada ya kumi na mbili ilikuja thelathini na moja, kisha tisa. Niliamini namba ni umri wa nyumba, nikalihurumia duka la miaka tisa lenye nyufa nyingi vile. Sasa najua ploti zilipewa namba kadiri zilivyogawiwa, si kwa kufuatana barabarani.

Kumi na nne tuliyoipata ilikuwa bucha.

"Shosho, ziko mbili," mama mwenye bucha alimwambia nyanya, akifuta kisu. "Ile ingine iko chini, karibu na msikiti."

Nyanya hakusogea. "Na akinifukuza?"

"Twende nikupeleke. Akikufukuza, utalala kwangu."

Kule karibu na msikiti, shangazi alifungua mlango, akatutazama, akachukua kikapu cha ndizi mkononi mwa nyanya na kuingia nacho ndani, mlango akiuacha wazi. Nilidhani amekasirika, maana hakutusalimu. Nyanya alivua viatu, akamfuata.