Kisomo cha Gari Lililochelewa

Mwanangu, katika siku zangu zote, isiyonitoka kichwani ni ile ambayo kuku wa jirani alitaga ndani ya banda nililolijengea gari. Banda lilikuwa na sakafu ya vigae na mlango wa chuma uliopakwa rangi ya buluu. Gari halikuwamo. Kuku alijichagulia pembe, akalalia mayai yake kwa raha zake, na wazee wa baraza la msikitini walipopata habari walicheka mpaka mmoja wao akavua kofia akajifutia machozi.

Kwanza umjue anayesema nawe. Mimi si mtu wa kubahatisha. Nilitoka hapa Palma nikiwa na kapulana moja ya mama ya kujifunika, nikauza barafu sokoni Nampula kipande kwa kipande, na kwa barafu hiyohiyo nikajisomesha hadi nikapata diploma ya uongozi wa biashara Maputo. Diploma ipo ukutani, ina muhuri, na katika ukoo wetu hakuna aliyeipata kabla yangu. Wageni wa kampuni za gesi walipoanza kuja, nilirudi na vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki, nikajenga nyumba ambayo wapita njia huonyeshana kwa kidole. Sikurithi, sikuiba, sikubebwa na mjomba. Najisifu, ndiyo, na nina haki. Lakini nakwambia haya ili ujue kwamba mtu anaweza kuwa na akili ya kutafuta mali na asiwe na akili ya kungoja.

Wakati huo sikuwa mtoto, ila damu ilikuwa bado inachemka. Niliagiza gari la kifahari kutoka duka kubwa la Maputo. Jipya kabisa, si haya yanayotufikia yakiwa yamekwisha kuchoshwa na watu wengine. Rangi ya maziwa, viti vya ngozi, na kioo cha juu kinachofunguka uone mawingu. Hata uzi wa kushonea viti niliuchagua mwenyewe. Nikatembea na picha yake kwenye simu, nikawaonyesha watu sokoni, msikitini, hata matangani.

Waliniambia litafika kabla ya Ramadhani. Ramadhani ikaingia, ikatoka. Wakasema baada ya Idi ya kuchinja. Kisha meli ikachelewa. Kisha ngozi ya rangi niliyoitaka ikawa haijapatikana kiwandani. Kila nilipopiga simu, binti mwenye sauti laini aliniambia kwa Kireno kizuri kwamba sinyori asiwe na wasiwasi, gari liko njiani. Nikamwuliza ni njia gani hiyo isiyo na mwisho. Akanishukuru kwa uvumilivu wangu. Hakuna kinachomchoma mtu kama kushukuriwa kwa uvumilivu asio nao.

Mwishowe duka likasema gari limeshushwa bandari ya Pemba, limo mikononi mwa wakala wangu, nimwulize yeye. Wakala huyo aliitwa Amade, kijana mpole wa shughuli za forodha, aliyezoea kufikia kwetu kila alipokuja Palma. Mama alimpikia na kumwita mwanangu. Nilipompigia, Amade alisema forodha hawajatoa karatasi. Juma lililofuata, bado. Mwezi uliofuata, mkubwa wa kutia saini amesafiri.

Nikawa kichekesho. Barazani walikuwa wakiniita Dotori, kwa ajili ya diploma, na jina lile nililipenda. Sasa likageuka mwiba.

"Dotori," mzee mmoja aliniambia, "gari lako ni mwezi wa Idi. Kila mtu ana ndugu yake aliyeuona, ila hapa kwetu hauandami."

"Mwacheni," mwenzake akamjibu. "Hamkusikia kwamba limeshataga?"

Nami nikacheka nao. Ukimwona mtu mwenye majivuno anacheka pamoja na wanaomcheka, mwanangu, mwogope.

Mama yangu, Bi Atija, nilikuwa naishi naye. Nilimjengea jiko la vigae lenye gesi, naye akaendelea kupika uani kwenye mafiga, akisema moto usio na moshi hauivishi, unababaisha. Siku hizo barabara ya kusini ilikuwa imeharibika. Sisemi mashimo. Wewe ni mtoto wa hapa, wajua ninachosema. Malori yalichomwa na watu wa msituni wenye bunduki, watu waliingia mjini kwa miguu na magodoro kichwani, na wenye bidhaa walizipitisha baharini. Amade alikuwa amenishauri mapema kwamba gari nalo lije kwa tishari. Nikamjibu kuwa gari lile si mbuzi wa kufungwa kamba. Nitakwenda Pemba kwa ndege, nitarudi nikiliendesha mwenyewe, na kila kijiji kitaliona likipita.

Mama alisikia. Alikuwa anapepeta mchele.

"Utalipitishia wapi?" aliniuliza.

"Barabarani, mama. Gari hupita barabarani."

"Hii yenye majivu?"

"Likikimbia, majivu hayalishiki."

Aliendelea kupepeta, na ungo haukubadili mwendo wake. Nikadhani nimemshinda kwa hoja. Ndivyo tulivyo sisi tuliosoma. Mtu akinyamaza tunajiandikia alama.

Basi hasira ilipofika kooni, nilifanya jambo ambalo hakuna aliyenifundisha Maputo. Nilikwenda kwa Mwalimu Nchamo, mzee aliyenifundisha kusoma Kurani, nikamwomba anisomee Halbadiri. Kisomo hicho unakijua. Mtu aliyedhulumiwa huitisha wasomaji, majina ya mashujaa wa Badri husomwa, na mwenye kisomo humwomba Mungu amwangushe mdhalimu wake. Wazee wetu walikiogopa hata kukitaja. Mimi nilikitaka kwa ajili ya gari.

Mwalimu aliniuliza ni nani aliyenidhulumu. Nikasema simjui. Labda yuko forodha, labda dukani, labda ni hasidi wa hapahapa aliyetia fitina.

"Kama humjui, utamsomeaje?"

"Nitamjua atakapoanguka," nikasema.

Akafunika msahafu uliokuwa mbele yake. "Mwapiza la nje hupata la ndani," aliniambia. "Dua hii haina macho, Dotori. Wewe ndiye unayepaswa kuwa na macho kwa niaba yake. Mimi sikusomei. Na huyo akianguka, usije kuniuliza mimi kwa nini."

Nikatoka nikimwona mzee aliyepitwa na wakati. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hilo nilikuwa nalijua tangu utoto, lakini mithali ni kama dawa iliyo kabatini, haimtibu asiyeinywa. Nikapata mwalimu mwingine, mtu wa kupita, aliyekubali bila maswali.

Siku ya kisomo nilimwambia mama kwamba alasiri tutakuwa na wageni. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi.

"Kisomo cha nini?"

"Cha gari. Anayelizuia lazima aanguke."

Mkono wake ulisimama juu ya meno ya mbuzi. Kisha ukaendelea.

"Watakula wangapi?" akauliza.

Wasomaji wakaketi barazani, ubani ukafuka, majina yakasomwa. Wanawake walikuwa nyuma ya pazia, upande wa uani, sufuria zikiwa motoni. Ilipofika zamu yangu kutia nia, nilisema kwa sauti, ili kama yupo hasidi jirani asikie: yeyote anayelizuia gari langu, awe mkubwa au mdogo, wa mbali au wa karibu, mwili wake ukauke, chakula kimkatae, asiuone mwaka mwingine. Wanaume wakaitikia amina. Na kutoka nyuma ya pazia wanawake nao wakaitikia, na katika sauti zao niliisikia ya mama. Haikutetemeka. Nikafurahi. Nikasema moyoni, mama yuko pamoja nami.

Kisha akapakua. Nakumbuka wali ule wa nazi ulivyonukia.

Niliazimia kwenda Pemba juma lililofuata, karatasi ziwepo zisiwepo. Lakini mama akaanza kuacha chakula. Kwanza samaki, halafu wali, halafu hata uji alikuwa akiuonja tu. Siku niliyotaka kusafiri hakuweza kuinuka kitandani, nami nikaahirisha. Juma lilelile magari yalichomwa kwenye barabara ileile, na waliokuwa ndani hawakurudi. Nilimshukuru Mungu kwa kuninusuru. Sikuuliza ameninusuru kwa mkono wa nani.

Hospitalini walisema presha, wakasema na figo. Dawa alizipokea kwa adabu. Lakini nilimwona akifanya mambo ya mtu anayefunga safari. Alirudisha sinia za watu. Aliita majirani mmoja mmoja akawaomba radhi. Nilimwambia asichoke, gari likifika nitamkalisha kiti cha mbele, nitampeleka Kionga kwa ndugu zake akiwa amefungua kioo cha juu. Akanipapasa kichwa kama nilipokuwa mdogo, akasema, "Ngoja, mwanangu. Wewe hukujaliwa kungoja, lakini ngoja."

Alikufa mvua za kwanza zilipoanza. Tulimzika makaburi ya pwani, udongo ukiwa mzito.

Siku ya hitima Amade alifika. Alikuja kwa mashua kutoka Pemba, nguo zimekauka chumvi, akakaa mkekani mbele yangu, akatoa ufunguo wa gari akauweka kati yetu. Ulikuwa mpya, bado umo ndani ya mfuko wake wa plastiki. Nikamwuliza karatasi zimetoka lini.

"Zilitoka zamani, kaka," alisema. "Gari liko uani kwangu, nimelifunika turubai. Mama ndiye aliyenikataza."

Akanieleza akiwa anaangalia mkeka. Siku ile ya ungo, baada ya mimi kutoka, mama alimpigia simu. Akamwambia, karatasi zikitoka sema hazijatoka, mpaka barabara ipoe. Amade akadanganya kwa ajili yake, juma baada ya juma, na matusi yangu akayala. Aliposikia nimeitisha Halbadiri alimpigia mama akilia, akisema yeye ndiye atakayeanguka, bora aseme kweli.

"Akanijibu, wewe umetumwa, Amade, mtumwa hana kosa. Aliyetuma ni mimi. Ukimwambia atalifuata, na akilifuata nitamzika. Afadhali yeye anizike mimi. Mtoto kumzika mama, hiyo ndiyo desturi."

Uani wanawake walikuwa wanakuna nazi ya hitima, na mimi niliisikia sauti ya mbuzi mpaka nikaziba masikio mbele ya watu.

Sikwambii kwamba kisomo kilimuua. Mimi ni mtu wa diploma, na daktari alitaja ugonjwa kwa jina lake. Lakini najua mama alikiamini, na kwa kukiamini kwake aliingia chini ya dua yangu kwa miguu yake mwenyewe, akaiitikia amina, akawapakulia wali walioisoma. Angeweza kusema neno moja na kisomo kingefutwa siku hiyohiyo. Neno hilo lingenipeleka mimi barabarani.

Nilirudi kwa Mwalimu Nchamo, ingawa alinikataza kuja kuuliza. Nikamweleza yote, nikamwuliza kama dua inaweza kurudishwa baada ya mtu kufa.

"Dua ya namna ile huondolewa na aliyesomewa, akisamehe," alisema. "Mama yako alikusamehe palepale, akiwa bado anakuna nazi. Wewe ndiye uliyebaki nayo."

Gari sikuliona. Nilimwagiza Amade, akaliuza hukohuko Pemba kwa mtu nisiyemjua, na barua ya kuniomba radhi kutoka dukani, yenye maneno mazuri juu ya uvumilivu wangu, ilikuja baadaye. Banda sikulivunja. Kuku wa jirani na vizazi vyake wanataga humo mpaka leo, juu ya vigae vya kutoka mbali, na wazee wa baraza hawanitanii tena. Heri wangenitania.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Tafuta mali, soma, jenga, na ukipata kizuri usione haya kukitaka. Mimi bado najivunia kila tofali langu. Lakini kitu chako kikichelewa, usikimbilie kumtafuta adui. Uliza kwanza nyumbani. Mtazame anayekupikia, mtazame anayekunyamazia unapoongea sana, umwulize anaogopa nini, kisha ukae usikilize jibu hata likikuudhi. Na ulimi wako usiutume mahali ambapo macho yako hayajafika, kwa maana laana ni mjumbe asiyejua nyumba, hugonga mlango wa karibu. Gari likichelewa hubaki kuwa gari. Mtu akitangulia, hakuna wakala wa kumfuatilia.

Mwenyezi Mungu akupe unachokitamani kwa wakati usiokudhuru. Akuwekee mtu wa kukuzuia pale unapokimbilia moto, na akujaalie umtambue mtu huyo angali hai, mkono wake ukiwa bado na unyevu wa nazi, umbusu mkono huo, ungoje.