Redio Juu ya Kichanja cha Samaki

Mshumaa ukizimwa kanisani, mimi hutoka nje. Watu hufikiri ni pumzi inanisumbua. Si pumzi. Ni ile harufu ya nta iliyopata moto, imechanganyika na moshi. Inanirudisha kwetu karibu na mto Sio, upande wa chini wa Busia, miaka ile michache baada ya Uhuru, nikiwa msichana wa miaka tisa hivi. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mnivumilie nikiandika kama ninavyoongea.

Baba yangu, Wandera, alikuwa mtu wa samaki. Aliwanunua Port Victoria, akawaleta kwa baiskeli, akawakausha kwa moshi kwenye kichanja nyuma ya jiko, akaenda kuwauza Malaba. Kijijini kwetu redio zilikuwa mbili tu: yetu, na ya mzee wa kijiji, Barasa. Hao wawili walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Redio yetu ilikuwa na ukubwa wa tofali, imevaa koti la ngozi lenye matundu, na ilikula mawe manne, zile betri ambazo baba aliziamsha kwa kuzianika juani.

Mwaka huo mama alivimba tumbo, na haikuwa mimba. Baba alimpeleka hospitali kubwa, safari ya kutwa nzima kwa basi, akamwacha huko. Karani alimwambia, "Mzee, wewe nenda ukaangalie watoto. Kukiwa na neno tutakuita kwa redio."

Siku hizo ndivyo ilivyokuwa. Jioni, habari zikiisha, yalisomwa majina ya waliokufa, na majina ya watu walioitwa hospitalini na wagonjwa wao. Kila jioni tulikaa kimya tukiomba jina letu lisisomwe. Yakiisha bila letu, baba alizima, akasema, "Haya, mama yenu yuko salama," ndipo tukala ugali.

Sasa nimtaje Ouma, mdogo wake baba. Amekufa, na watu hupenda kusema marehemu aachwe apumzike. Mimi simwachi. Baba akiwa Port Victoria, Ouma alichukua redio akaenda nayo ng'ambo ya mto kwenye pombe ya busaa, ili aonekane. Kurudi, akivuka juu ya magogo, akateleza. Alifika nyumbani mchana, amelowa mpaka kofia, redio inatiririka maji, na bado anacheka.

"Leo hata samaki wamesikia habari!"

Kukhu, mama yake baba, hakucheka. "Mjinga wewe. Tutamsikia na nini sasa mama wa hawa watoto?"

"Mama, si itakauka tu? Niliiwasha pale pale mtoni nione kama inaimba. Ikakohoa kidogo, ikanyamaza."

Kukhu alikuwa hajawahi kushika redio, lakini vitu vyenye maji alivijua. Alitoa mawe, akaisuuza matope kwa maji safi ya mtungi, akaivua koti, akafungua mgongo wake kwa kisu kama anayempasua samaki. "Samaki anatoka mtoni na maji mengi kuliko haya, na anakauka," alisema. Akailaza juu ya kichanja, katikati ya samaki wawili. Mimi nikapewa kazi ya kulinda moto. "Moshi tu, kasichana. Moto usipande. Na uwe unaigeuza."

Niliigeuza. Niliigeuza kama samaki, tumbo, mgongo, tumbo, mgongo. Lakini jua lilikuwa linashuka na saa ya majina ilikuwa inakaribia, na mimi nilitaka ikauke kabla jina la mama halijapita bila sisi. Nikaongeza kuni. Mbili tu. Nta inayoshikilia nyaya zake ikaanza kudondoka kutoka ndani, matone ya manjano, na kila tone likilia motoni harufu ilipanda. Nilipiga kelele. Ouma alikuja mbio, akaangalia, na nikaona uso wake unapata nafuu.

"Ameichoma! Mama, njoo uone, huyu mtoto ameichoma!"

Baba aliporudi kesho yake aliambiwa hivyo, na hakuna aliyemwambia habari ya redio kukohoa kule mtoni. Hakunipiga. Aliichukua tu redio akaanza kuipangusa, na mimi ningependelea fimbo.

Kutoka hapo alianza kuiponya. Aliianika kwenye gunia, akaizika kwenye unga wa wimbi, akaipulizia kwa pampu ya baiskeli. Alimpelekea fundi wa saa pale Busia, na fundi akaichokorachokora, akamwambia arudi keshokutwa. Samaki walioza. Siku ya tano nilimwambia, "Baba, twende tukasikilize kwa Barasa."

"Mimi siwezi kukaa kwenye kigoda cha Barasa nimtegee sikio," alisema, akaendelea kukwangua kutu.

Siku ya tisa mke wa Barasa alinikuta kisimani, akaweka debe chini. "Bado mko hapa? Baba yako ameitwa kwa redio jioni tatu mfululizo. Mimi nilidhani ameenda kitambo!"

Baba alienda kwa Barasa mbio, mimi nyuma yake. Barasa alikuwa anatafuna muwa. "Nilisikia, ndiyo," alisema. "Mimi si karani wa posta, Wandera. Ungekuja kuuliza."

Baba alifika hospitalini mama akiwa ameshazikwa na wafanyakazi wa pale, mahali penye kijiti na namba. Tangu siku hiyo nikawa yule aliyechoma redio. Niliacha shule nikapike na kulea wadogo zangu, na hakuna aliyeona ni vibaya. Nililipa.

Nililipa miaka zaidi ya ishirini. Nikiwa mama mzima, nauza chai kwa madereva wa malori na wasaidizi wao, taniboi, pale Malaba, nilimsimulia yote mteja wangu, fundi wa redio. Alicheka, halafu akaona sicheki. "Nta ni kitu kidogo, mama. Ningeirudisha kwa sindano ya moto. Iliyowashwa ikiwa na maji ndani, hiyo ndiyo imekufa. Ilifia mtoni."

Kwa hivyo Ouma alijua, au alihisi, akaniacha niibebe. Na Barasa alisikia, akatafuna muwa wake. Hao nimewataja, na sijuti.

Lakini kuna wa tatu, na huyo nilichelewa kumtaja kwa sababu nilimpenda. Siku hizo tisa, basi lilipita barabarani kila asubuhi. Nauli ilikuwepo, maana fundi wa saa alilipwa. Mtu asiyesikia habari za mkewe angeweza kupanda tu aende akamwone. Mtoto haoni hilo. Mtoto huona baba anafanya kazi. Nikiwa na umri wake ndipo nilielewa kwamba baba aliogopa kitanda kile cha hospitali. Hakujua amfanyie nini mwanamke aliyevimba tumbo, ila kitu kilicholowa alijua kukikausha. Akakaa na alichokijua, huku mama akiangalia mlango.