Mgonjwa wa Kahororo

Kama kuna kitu nilikiweza maishani, ni kufa. Shule niliishia kidato cha nne, na shamba langu la migomba linajulikana kwa magugu, lakini jukwaani nilikufa vizuri hadi akina mama wa Kamachumu wakavua kanga mabegani kunifunika.

Tamthilia yetu ilihusu marafiki wawili wa kiapo. Mwanzoni wanapasua tunda moja la kahawa, kila mmoja anatafuna mbegu yake, kama wazee wetu walivyofanya. Mkishakula hivyo, hamuwezi tena kufanyiana hila. Mwishoni mmoja anafia mikononi mwa mwenzake. Anayekufa nilikuwa mimi. Anayebaki alikuwa rafiki yangu, tuliyeanza naye kuigiza katika ukumbi wa parokia tukiwa bado tuna chunusi.

Kundi lilitaka tutumie karanga, maana kahawa ni chungu. Nikakataa, iwe kahawa yenyewe. Hapo ndipo nilipojiroga. Nilitafuna onyesho baada ya onyesho, miaka na miaka, na polepole nikaamini kwamba tulikuwa tumekula kiapo kweli.

Mwaka juzi alikuja kwangu Kahororo.

"Waitu, ndugu yangu, wewe safari huzipendi," akasema.

Kweli. Kwenda Muleba tu nafungasha kama naenda Ulaya. Nabeba hadi mto wangu wa kulalia.

"Kundi linahitaji mkurugenzi wa sanaa. Wewe ukae hapa utufundishe, sisi tuhangaike na barabara. Ile tamthilia ya kiapo tutaipumzisha."

Mkurugenzi! Siku hiyo nilimwomba mke wangu chai kwa sauti nzito.

"Mkurugenzi," akanijibu, "birika liko palepale lilipokuwa jana."

Wakawa wanakuja kufanya mazoezi uani kwangu. Siku moja rafiki yangu akaniuliza, kama mtu anayepitisha muda, ile pumzi ya mwisho huwa naiachiaje. Nikatandika mkeka nikafa mara tatu mbele yake. Ya tatu nilimwelekeza hadi kidole kidogo. Nilijiona mwalimu hasa.

Jumamosi moja nilikuwa namkimbiza kuku, pekupeku, pikipiki ikasimama mlangoni. Akashuka mama mmoja wa makamo na mkungu wa ndizi.

"Hodi jamani. Mgonjwa amelala wapi?"

"Mgonjwa gani, mama?"

"Yule anayekufaga kwenye mchezo. Wiki iliyopita walitutangazia pale Kamachumu kabla ya kuanza: maskini hawezi tena hata kusimama, amemwachia mwenzake nafasi. Jumuiya yetu ikanituma na ndizi." Akanitazama toka miguuni hadi kichwani. "Mbona kama ni wewe?"

Mke wangu alikuwa tayari ameshika ukuta kwa kicheko. "Ni yeye, karibu ndani. Akiona kuku anapata nafuu kidogo."

Mimi nilibaki na swali moja tu. "Huyo mwenzangu alikufaje?"

Mama akapima kwanza, kama hakimu. "Alikufa vizuri. Mkono ukashuka taratibu, halafu kidole kidogo kikatikisika. Tulilia."

Kidole kile kilikuwa changu.

Jumatatu rafiki yangu akaja kwa mazoezi kama kawaida. Nilimkalisha sebuleni, mkungu ukiwa katikati yetu.

"Ulisema naumwa."

Hakubisha. "Watu wasingenikubali wakijua wewe ni mzima. Wangekudai wewe jukwaani."

"Si ungeniomba?"

"Nikuombe, halafu ukubali? Na ungekuja Kamachumu kunitazama? Wewe?"

"Ningekuja na mto wangu," nikasema.

Akacheka. Mimi sikucheka, na hiyo ilimshtua kuliko kama ningempigia kelele.

Mke wangu akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, maana mgeni ni mgeni. Nikachagua tunda moja. Rafiki yangu, kwa mazoea ya miaka yote ile, akakinga kiganja kusubiri mbegu yake. Nililitia lote mdomoni nikatafuna mbegu zote mbili, taratibu, huku namtazama. Kiganja chake kilibaki wazi muda mrefu kabla hajakumbuka kukirudisha.

Ndipo nikamwambia, kama mkurugenzi wake, kwamba kidole anakitikisa mapema mno.