Mtamba wa Ngamia katika Karantini ya Changamwe

Kumjua ngamia mmoja kulinigharimu kikoi changu cha Ijumaa, jozi ya viatu, na maji matamu ya mfereji ambayo yangetosha kuosha msikiti mzima. Siku niliyoanza kazi Changamwe, miaka michache kabla ya uhuru, sikujua kwamba bei ingefika hapo. Niliajiriwa kuwa mlishaji katika karantini, yaani zizi ambamo wanyama hutengwa na kuangaliwa afya kabla ya kupakiwa melini. Mshahara niliubishania kwa Nyapara mpaka akaniuliza kama nimekuja kulisha wanyama au kuwauza.

Asubuhi ile ile malori yakashusha ngamia kutoka jangwa la kaskazini. Nilihesabu kumi na wawili, nikarudia, wakabaki kumi na wawili. Wachungaji wao hawakuja nao. Sisi tulizoea ng'ombe na mbuzi. Ngamia tulimjua kwa kusomewa katika chuo cha Kurani.

Walikunywa. Birika nililodhani litatosha siku mbili lilikauka kabla sijamaliza kukunja mpira wa maji. Nikadhani wanayaweka nunduni, kumbe mle mna mafuta, akiba ya chakula. Maji wanayabana kwingine. Mavi yao hutoka makavu hata Nyapara akayawashia moto wa chai siku hiyo hiyo, na pua huzifumba vumbi likivuma, kama mtu anayefunga mkoba mbele ya wakopaji.

Bwana Mifugo, afisa Mwingereza aliyetusimamia, alinifunza kutumia kipimajoto. Alfajiri nilimpima mtamba mmoja, jike ambaye hajazaa bado, nikamkuta baridi. Alasiri nikamkuta anachemka. Nikakimbia kupeleka habari ya homa. Kesho yake Bwana Mifugo akapima mwenyewe, kisha akaketi juu ya debe.

"Si homa," akasema. "Mchana anaacha jua limpashe. Usiku anaurudisha moto bure."

Lugha hiyo niliielewa. Kutoka jasho ni kununua ubaridi kwa maji, na mnyama huyu hanunui akiweza kungoja bei ishuke. Mimi niliyejiona bingwa wa kupatana nilimtazama kwa adabu.

Lakini Nyapara, mtu wa Jomvu Kuu, alikuwa na ukarimu wa kwao. Majani tulikata kando ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia Jomvu.

"Yaoshe," akaniamuru. "Mgeni katoka jangwani, umlishe chumvi ya bahari? Utamuua."

Nikayaosha, kila fungu mara mbili.

Wiki zikapita, ngamia wakapunguza kula. Yule mtamba akaota vidonda vya ngozi, akachechemea, mwisho akagoma kula kabisa. Nasi tukazidi kumkirimu: maji matamu zaidi, majani masafi zaidi. Jumanne moja Bwana Mifugo akaja na bunduki.

"Hatapona," akasema. "Nampa mpaka kesho."

"Bwana, meli ni Ijumaa. Mpe mpaka Ijumaa."

"Na akiwaambukiza wengine?"

"Nitamfunga peke yake kule chini, mwisho wa uwanja. Ataniambukiza mimi tu, na mimi sipandi meli."

Akaitundika bunduki begani. "Alhamisi jioni. Usiongeze neno."

Sikuongeza. Nilipomteremsha, yule aliyekuwa akijikokota akasimama, akainua pua, akaniburuta. Kamba ikanichuna viganja. Alipita katikati ya ua wa miti kama haupo, akaingia matopeni nami nyuma yake. Viatu vikazama, kikoi kikabaki kwenye mizizi. Mnyama aliyezaliwa pasipo bahari akasimama ndani ya maji ya hori, akala mchu, mkoko ule ambao chumvi huonekana juu ya jani lake. Alikula kama mfungaji aliyesikia adhana ya magharibi.

Nyapara akaja mbio ukingoni. "Mvute, atakufa."

"Njoo umvute wewe, Ami. Mimi hata nguo sina."

Hakuja. Alisimama akitazama jani baada ya jani likimezwa. "Na sisi tulikuwa tukiiosha chumvi anayoihitaji," akasema polepole. "Subhanallah."

Alhamisi jioni Bwana Mifugo alimkuta akitafuna. Vidonda vilikuwapo bado, ila bunduki haikushuka begani. Ijumaa walipanda kumi na mmoja. Mtamba wangu aliondoka na meli iliyofuata, amenenepa.

Baada ya uhuru nilihamishiwa Likoni, kwenye josho la Shika Adabu, ambako ng'ombe huogeshwa dawa ya kupe, nikastaafia hapo. Sasa daktari amenikataza chumvi, nami namtii, maana mwili wangu haujui kuniambia umepungukiwa na nini wala umezidiwa na nini. Wa mtamba yule ulimwambia. Jani lile hakuwahi kuliona wala kuonyeshwa na mama yake, na alikwenda moja kwa moja, akitetemeka miguu. Hadi leo nikikumbuka hunisisimka mwili.

Kwa hiyo naomba ushauri kwako msomaji uliyekulia na ngamia. Ni harufu ya chumvi aliyoifuata, au kuna jambo jingine ambalo nitakufa sijalijua? Njoo Likoni unieleze. Feri kwa aendaye kwa miguu ni bure, na kahawa nitalipa mimi.